Ametumwa na Nani

Rangwe, jioni

Awuor mwanangu,

Sitakuuliza hali, kwa sababu nimekuacha nyumbani saa saba ukiwa umeketi kati ya magoti ya bibi yako Dani, anakusuka nawe unalalamika kwamba anavuta. Naandika kutoka masjala. Wenzangu wametoka. Nimemwambia mlinzi kwamba nina mafaili ya kumalizia, naye ameniangalia kama mtu ambaye hajaamini. Karatasi hii nimeinunua dukani, si ya ofisi. Ukifika mbele kidogo utaelewa kwa nini nimeona ni lazima nikuambie hilo.

Habari za sweta, za dawa ya malaria, na za kutopanda mashua bila jaketi la kuelea, Dani ameshakuambia mara tatu na kesho atarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka tangu mwezi uliopita.

Unanijua. Juzi ulimwambia rafiki yako, mimi nikiwa jikoni nasikia, "Mathe yangu anashuku hata kuku akitaga mapema." Mlicheka sana. Nami nilicheka kimoyomoyo, kisha nikaanza kujiuliza yule rafiki yako amekuja kufanya nini siku ya kazi.

Uliikuta tabia hiyo nyumbani, kwa hiyo labda unadhani nilizaliwa nayo. Hapana. Naomba unisikilize kuanzia zile Jumapili za tamthilia.

Unakumbuka tulivyoanza. Wewe ndiye uliyetuketisha. Ulisema kuna tamthilia mpya ya utumwa, familia moja tu, kuanzia msichana aliyechukuliwa bara akapelekwa kwenye mashamba ya Pwani, hadi kitukuu chake anayeuza simu mjini na hajui kwao ni wapi. Dani alitaka kuangalia kwa sababu ya nguo zao. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha nyanya na omena, na wale watu wa kwenye runinga walizungumza Kiswahili kirefu. Kwa hiyo nikawa mkalimani. Kila baada ya dakika mbili ananigusa goti, "Amesema nini?"

Jumapili ya kwanza msichana yule aliitwa mtumwa. Kabla sijafungua mdomo Dani akauliza, "Ametumwa na nani?"

Ulicheka. "Dani, si kutumwa dukani. Mtumwa. Wa kununuliwa."

"Nimesikia. Ametumwa. Nauliza na nani, na atarudi saa ngapi."

Nikajaribu Dholuo. Nikamwambia ni misumba. Hapo Dani ndiye aliyecheka, maana neno hilo kwetu ni mtumwa, na pia ni mwanamume ambaye hajaoa. "Kasichana kadogo hivyo ndiko hakajaoa?" Ukajiviringisha kwenye kochi kwa kicheko. Wiki nzima ukawa unamwita mwalimu wako wa hesabu mtumwa kwa sababu hana mke.

Jumapili ya tatu ndiyo ile ambayo msichana alionyeshwa akikabidhiwa. Mjomba wake anamshika mkono, anamwambia watakwenda kidogo tu halafu watarudi. Dani aliondoa mkono wake kwenye goti langu. Aliinuka, akatafuta rimoti, akaikosa, akang'oa waya ukutani. Akabaki amesimama na waya mkononi. Akasema, "Mama yangu alitumwa hivyo."

Uligeuka ukaniangalia mimi, si yeye. Ulitaka kuona kama nimeshtuka. Nilifanya uso wa kushtuka. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwako katika jambo hili, na nimeanza nao kwa sababu ndio mdogo.

Nilikuwa najua, Awuor. Nilijua tangu nina miaka kumi na mitano.

Wewe ulilisikia jambo lile kutoka kwa Dani usiku ule, na ukaandika kwenye daftari lako. Kulikuwa na njaa. Mama yake Dani alikuwa na miaka kama saba, kwao huko kwenye mpaka, ng'ambo kidogo ya Migori. Mjomba wake alimpa kapu tupu alibebe kichwani, akamwambia waende upande wa Macalder kwa watu wenye mtama, wajaziwe, warudi. Walifika. Kapu likajazwa. Mjomba akalibeba akarudi nalo, na msichana akabaki. Wale watu hawakumpiga wala kumfunga kamba. Walimlea. Alichota maji yao, akalima shamba lao, na alipokua wakamwoza huku Rangwe na ng'ombe wa mahari wakawachukua wao. Siku ya kuolewa kwake hakukuwa na kaka hata mmoja wa kumsindikiza. Siku alipozikwa hakuja mtu wa kwao, kwa sababu hakuna aliyejua pa kupeleka habari.

Na lile jina. Unajua mwanamke akiolewa huku kwetu huitwa kwa kwao: nyar wa mahali fulani, binti wa kule. Yeye hakuwa na kule. Wakamwita Nyarbel, binti wa mtama. Sisi wajukuu tuliambiwa ni kwa sababu alizaliwa wakati wa mavuno. Nililipenda sana jina hilo mpaka siku ile mama yangu aliponieleza mtama ulikuwa wa nini. Sikulia. Niliona haya. Na haya ikikupata ukiwa na miaka kumi na mitano, inajenga nyumba.

Sasa sikiliza nilivyoitumia.

Nilikuzaa nikiwa na umri ulio nao wewe leo. Babako alikuwa tayari kunioa. Shangazi zake wawili walikuja kutoka Migori kuniangalia, wanawake wenye heshima zao, wakala samaki, wakasifu ugali. Kisha mmoja akauliza lile swali ambalo kila mwanamke huulizwa, "Na bibi yako, mama ya mama yako, ni nyar kanye?" Binti wa wapi. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi. Lakini mimi nilimshuku. Niliona kwamba ameshaambiwa na anataka nijiseme. Nikamjibu haraka, nikataja mahali pa mbali ambapo sijawahi kukanyaga. Dani alikuwa mlangoni na sufuria. Alirudi nayo jikoni.

Shangazi wale waliuliza huko. Watu wetu huuliza, hilo nilipaswa kulijua. Hawakumpata Nyarbel yeyote. Wakasema familia inayodanganya juu ya kwao ina kitu inachokificha, labda uchawi, labda damu ya mtu. Mambo yakaishia hapo. Miaka mingi baadaye nilikutana na babako Homa Bay, kwenye foleni ya benki. Tulizungumza vizuri. Nikamweleza ukweli kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mtoto wa njaa? Babu yangu mdogo aliletwa hivyo hivyo. Kwetu tungeua mbuzi tu, yaishe."

Nilitoka kwenye ile foleni bila kufanya kilichonipeleka. Umekua bila baba nyumbani kwa sababu mama yako alimshuku mwanamke aliyekuwa anauliza swali la kawaida. Sijawahi kukuambia hivyo. Ulipouliza, nilikuambia watu wake walikuwa na kiburi.

Ungedhani nilijifunza.

Ulipokwenda kwenye majaribio ya uigizaji ya tamthilia ile pale Homa Bay, nilikusindikiza, nikaketi nje ya ukumbi kwenye benchi na mkoba mapajani. Nilidhani wataangalia sura, wakusomeshe mistari miwili, wakurudishe. Ulikaa ndani karibu saa nzima. Ulipotoka uso wako ulikuwa unang'aa. "Mum, waliniambia nisimulie kitu chochote cha kwetu. Nikawasimulia Nyarbel. Mwongozaji aliacha kalamu. Mum, aliacha kalamu kabisa."

"Nani mwingine alikuwa ndani?"

"Watu wa kampuni."

"Waliandika?"

"Walirekodi na simu. Mum, umesikia nilichosema?"

Nilisikia. Nilisikia kwamba jambo ambalo nililificha kwa miaka ishirini limo kwenye simu ya mtu nisiyemjua. Wiki mbili baadaye walikupigia. Wameongeza sehemu kwenye tamthilia, familia nyingine ya upande wa ziwa, na kuna msichana anayeachwa kwa kapu la mtama. Wewe ndiye utakayekuwa msichana huyo atakapofika utu uzima, kuanzia siku ya kuozwa hadi kuzikwa. Miezi mitatu kisiwani Takawiri, halafu Pwani, na baada ya Pwani ulisema, "Nitarudi kusalimia, Mum, sio kukaa." Ulicheza jikoni. Dani akacheza na wewe, na goti lake hilo bovu.

Kwa kuwa hujafika miaka kumi na minane, walileta fomu ya idhini ya mzazi. Wewe uliona mstari wa sahihi. Mimi ni karani, mimi husoma. Kifungu cha tisa kinasema simulizi lolote ulilolitoa litakuwa mali ya kampuni, popote, milele. Nilibaki na neno hilo, milele. Hapa masjala hata ardhi ya serikali hukodishwa kwa miaka inayohesabika. Nikaona kapu. Nikaona wanamchukua Nyarbel mara ya pili, na safari hii mtama ni wewe kuonekana kwenye runinga.

Sasa nadhani kushuku kifungu kile halikuwa kosa. Kosa ni kwamba sikukuita nikakuambia, "Kaa hapa, tusome hii pamoja." Sikumpigia mwongozaji nikamwambia, "Mimi ni mama yake, neno hili silipendi." Ningeweza kufanya hivyo kwa simu moja. Badala yake nilisubiri wenzangu waende kula, nikachukua karatasi yenye nembo ya ofisi, nikaandika barua. Unajua jinsi ninavyoandika barua za ofisi. Nikaitaka kampuni ieleze "kwa haraka" ina kibali gani cha kutumia historia ya familia za eneo hili, na nikadokeza kwamba suala linachunguzwa. Hakuna aliyekuwa anachunguza. Muhuri rasmi uko kwenye droo ya bosi, na ufunguo hutembea naye. Kwa hiyo nikapiga muhuri wangu, ule wa IMEPOKELEWA, ambao hupigwa kwenye barua zinazoingia. Barua yangu ikatoka ofisini ikisema imepokelewa. Karani yeyote angeangua kicheko. Lakini mtu asiye karani huona wino wa bluu na duara, anaogopa.

Waliogopa. Siku nane baadaye walikupigia kwamba sehemu ile amepewa msichana mwingine, kutoka nje ya eneo letu. Hawakukueleza sababu. Ulikuja ukanikuta nafua. Ulilia umesimama, mikono imening'inia, kama ulivyokuwa ukilia ukiwa mdogo. Nami nikafuta mikono, nikakutengenezea chai yenye tangawizi, nikakuambia, "Si nilikuambia? Hao si watu wa kuamini."

Ukasema, "Ulikuwa sawa, Mum."

Nimesikia maneno mabaya mengi maishani, Awuor. Hakuna lililoniumiza kama hilo.

Ndipo wakakupigia tena, kukuomba ukamfundishe yule msichana kutamka Dholuo, na usimame na wanawake wa kijijini kwenye picha za umati. Nilidhani utakataa kwa heshima yako, lakini ulikubali. Ulisema, "Afadhali niwe pale nione wanamfanyaje Nyarbel." Nilikushuku hata hapo. Nilijiuliza kama umejua.

Juzi yule dada wa kampuni, yule mwenye rejista aliyeandika majina siku ya majaribio, alinipigia mimi kupanga usafiri wa mashua. Sauti yake ni ya upole, na mimi sauti za upole huniogopesha. Akasema, "Mama Awuor, pole kwa yale ya kwanza. Tulipata barua kutoka ofisi ya serikali huko kwenu, wakili wetu akasema tusimpe sehemu kubwa mtu wa huko. Tulimpenda sana mtoto wako. Hizo sehemu za ukubwani hata hatujazipiga picha bado." Kisha akauliza, "Kwani wewe unafanya kazi wapi, mama?"

Nikasema, "Niko sokoni tu."

Tangu siku hiyo bosi akiita "Karani" kutoka ofisini kwake, najitungia jibu kwanza, halafu nakwenda. Jana aliniita kuniuliza kama nina wembe wa kuchonga penseli. Nilipotoka nilikuwa nimelowa jasho mgongoni.

Jana hiyo hiyo nilimweleza Dani yote. Alikuwa anachambua mboga. Nilitaka anitetee, aseme kwamba mama lazima alinde. Alichambua mpaka akamaliza fungu zima. Kisha akasema, "Mama yangu hakuwahi kuulaumu mtama. Alisema njaa ni njaa, hata yeye angekuwa mkubwa angemtoa mtu ili wengine wale. Wale waliomlea pia hakuwachukia. Mtu aliyemchukia mpaka anakufa ni mjomba. Unajua kwa nini?"

"Kwa kumwacha."

"Kwa kumwambia watarudi. Alisema, angeniambia njiani ningeliaga kapu langu. Angeniambia nyumbani ningewaaga wenzangu kabla sijaondoka. Alinidanganya ili nitembee vizuri."

Akaniangalia. "Wewe ulimdanganya Awuor ili atembee vizuri."

Sijui kama kuna kitu ninachoweza kukufundisha kwa haya. Labda hiki kimoja: utashuku, kwa kuwa umelelewa na mimi, na mara nyingine utakuwa na haki. Ukishuku mtu, muulize yeye kwanza, kwa mdomo wako na jina lako, kabla hujamwendea kwa nyuma. Mimi kila nilipomwendea mtu kwa nyuma nimekuta nimemkanyaga mtu wangu mwenyewe. Babako. Wewe. Nyarbel pia, maana nilimficha kana kwamba ni yeye aliyefanya kosa.

Pamoja na barua hii kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni ile fomu ya idhini. Nimeweka sahihi. Kifungu cha tisa nimekizungushia penseli tu. Nilitaka kukikata kwa kalamu, nikaona nitakuwa nimeandika barua nyingine bila wewe. Mwulize mwongozaji ana maana gani na ile milele. Jibu lake likikuridhisha, futa penseli. Lisipokuridhisha, kata, na umwambie ni wewe uliyekata.

Ya pili ni barua kwa yule dada mwenye rejista. Nimeandika kwamba ile barua ya ofisi haikuwa ya ofisi, ilikuwa yangu, na kwamba hakuna uchunguzi wowote. Nimetaja jina langu lote na kazi yangu. Ukimpa, huenda wakakurudishia sehemu yako, kwa kuwa bado hawajaipiga picha. Huenda pia akapigia ofisi, na hapo mimi nitaitwa, na haitakuwa habari ya wembe. Naogopa, sitakuficha. Lakini usiifikirie kazi yangu wakati unaamua. Hilo ni la kwangu. Ukiamua kutompa, sitakuuliza kwa nini.

Nilikusudia kuiweka hii chini ya nguo zako kwenye begi, uikute Takawiri ukiwa umeshavuka maji. Nilishapanga hata ni chini ya gauni lipi. Halafu nikaona huko ni kukushika mkono na kukuambia twende kidogo.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, kabla ya kula. Nitakaa kwenye kile kiti cha mlangoni mpaka umalize. Soma polepole. Ukitaka kunipigia kelele, piga, Dani anajua, hatashtuka. Ukitaka kuuliza, uliza chochote, hata yale ya babako, na nitajibu nilivyoulizwa.

Mama yako,
Akinyi